Jozi haikamiliki kwa muhula mmoja

Ukilitaja jina la Laiser Hill mbele ya mpenzi wa michezo ya shule hapa Kenya, atakujibu kwa mpira wa vikapu. Shule hiyo ya Ongata Rongai, kaunti ya Kajiado, ni miongoni mwa majina yanayoogopwa kila ratiba ya vikapu inapotoka, na hofu hiyo haitokani na kijana mmoja mrefu aliyeokotwa mahali. Timu ya vikapu hujengwa na vijana wanaofanya mazoezi pamoja jioni baada ya jioni, msimu hadi msimu, mpaka mmoja anatoa pasi akijua mwenzake atakuwa wapi. Safari hii nataka tuutazame mchezo mwingine unaodai kujuana kwa namna hiyo, tena kwa ukali zaidi kwa kuwa uwanjani mko wawili tu: badminton, mchezo wa vinyoya, na hasa ule wa wawili wawili.

Watoto wa kuucheza Kajiado inao. Kitengela, Rongai, Kiserian na Ngong zimejaa shule, na badminton imo katika michezo ya muhula wa pili ya shule za upili, pamoja na kandanda, voliboli, netiboli na tenisi. Kila mwaka jozi huchujwa kaunti ndogo, hupanda hadi kaunti, huingia ukanda wa Bonde la Ufa, halafu taifa, na wachache hufika mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Kisha mtihani wa KCSE wa kidato cha nne unafika. Mmoja anaenda chuo Eldoret, mwingine anabaki Kitengela akitafuta kibarua, na jozi imekufa. Hakuna anayeandika popote kwamba imekufa, wala hakuna chama kinachouliza imekwenda wapi. Mwaka unaofuata kocha anachukua watoto wengine wawili na kuanza upya.

Mtu asiyeufuata mchezo huu atauliza: si kila mmoja ameondoka na kipaji chake? Kipaji cha mkono, ndiyo. Lakini taaluma ya mchezaji wa wawili wawili haiko mkononi mwake peke yake, na kanuni zenyewe za mchezo zinasema hivyo. Shirikisho la dunia, BWF, hupanga wachezaji kwa kuangalia matokeo yao kumi bora ya wiki 52 zilizopita. Katika mchezo wa mmoja mmoja, pointi huandikwa kwa jina la mchezaji. Katika mchezo wa wawili, huandikwa kwa jina la jozi. Ukimwacha mwenzako na kwenda kwa mwingine, huhami na pointi zenu kama mtu anavyohama na vyombo vyake. Zipo kanuni za kuikadiria jozi mpya ili iweze kuingia kwenye droo, lakini nafasi yenu kamili mtaijenga tena, shindano kwa shindano, nauli kwa nauli. Kwa mchezaji wa Denmark mwenye mdhamini huo ni usumbufu wa miezi michache. Kwa Mkenya anayelipa tiketi kwa mchango wa ndugu, mara nyingi ndio mwisho.

Kwenye fedha pia mambo ni hivyo hivyo. Katika mashindano makubwa ya ngazi ya Super 1000 ya miaka ya karibuni, mfuko wa zawadi ukiwa dola 1,000,000, bingwa wa mmoja mmoja alipata dola 70,000. Mabingwa wa wawili wawili walipata 74,000 kwa jozi nzima, yaani 37,000 kila mtu. Kazi ni ileile, safari ni zilezile, na vyumba vya hoteli huenda ni viwili, ila mapato ya kila mmoja ni nusu na kidogo. Anayechagua wawili wawili kama kazi ya maisha anachagua kugawana.

Hata hivyo mchezo wenyewe ulianza kwa wawili. Mashindano ya All England, yaliyo mashuhuri kuliko mengi, yalipofanyika mara ya kwanza mwaka 1899 yalikuwa na michezo ya wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili na mchanganyiko tu. Wa mmoja mmoja walikaribishwa mwaka uliofuata. Nalikumbusha hili kwa sababu makocha wengi wa shule zetu huwapeleka kwenye wawili wawili watoto walioshindwa kupata nafasi ya mmoja mmoja. Wanauona mchezo wa wawili kuwa wa akiba. Sikubaliani nao hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Uwanja una urefu wa mita 13.40. Kwa mchezaji mmoja una upana wa mita 5.18, kwa wawili ni mita 6.10. Tofauti haifiki mita moja, ilhali miguu imeongezeka maradufu. Maana yake nafasi ya kuficha kinyoya imekwisha, na pointi haipatikani kwa kumkimbiza mtu hadi achoke. Inapatikana kwa kasi na kwa pembe. Tena katika kuanzisha, mstari wa nyuma wa wawili wawili umesogezwa ndani kwa sentimita 76, hivyo ukianzisha kwa kinyoya kirefu cha juu unampa mpinzani zawadi ya kukupiga. Inabidi uanzishe kifupi, kinyoya kikwaruze juu ya wavu na kuangukia mbele. Na tangu mwaka 2018 kinyoya chote lazima kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni unapokigonga, sheria inayombana mrefu na mfupi kwa kipimo kimoja.

Hapo ndipo jozi hupimwa. Anayeanzisha anagonga pigo la kwanza, mpokeaji anagonga la pili, na mtu wa kugonga la tatu ni yeyote kati ya hao wawili wa upande wa kwanza. Jozi iliyokomaa inajua kabla kinyoya hakijavuka wavu nani atalichukua pigo hilo. Jozi changa hutazamana. Kutazamana huko, kwa nusu sekunde tu, ndiko kunakopoteza mechi nyingi za shule nilizotazama kuliko udhaifu wowote wa mkono.

Kisha kuna kuzunguka. Mkishambulia, mmoja hukaa nyuma akipiga na mwingine mbele akimalizia kwenye wavu. Mkishambuliwa, mnapanuka na kukaa sambamba, kila mtu na upande wake. Kutoka umbo moja kwenda jingine hakuna anayepiga mbiu. Wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili hawaambiani zamu. Mchi wa mmoja unaposhuka wa mwenziwe uko juu, na wakikosana kidogo tu wataumizana. Ndivyo ilivyo, isipokuwa hapa kinyoya kinaweza kuja kwa kasi ya kutisha. Satwiksairaj Rankireddy wa India, mchezaji wa wawili wawili, alipimwa mwaka 2023 akipiga smashi ya kilomita 565 kwa saa. Kinyoya hupungua mwendo haraka kinapopasua hewa, lakini hata kilichobaki hakikupi muda wa kumwita mwenzako.

Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye daftari la mazoezi. Unakaa kati ya watu wawili. Mmoja akiondoka, nusu yake haiendi naye na nusu nyingine haibaki. Ndiyo maana nasema mfumo wetu unapoteza kitu ambacho hata hauna safu ya kukiandika.

Nitapingwa kwa jina la Tony Gunawan, na pingamizi hilo lina nguvu. Mzaliwa huyu wa Surabaya, Indonesia, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na Candra Wijaya. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, lakini akiwa na Halim Haryanto. Akahamia Marekani, na mwaka 2005 mjini Anaheim akawa bingwa wa dunia tena pamoja na Howard Bach, taji la kwanza la aina hiyo kwa Marekani. Wenzi watatu, mataji matatu makubwa, mataifa mawili. Je, hilo halionyeshi kwamba mchezaji bora hutengeneza jozi popote anapowekwa?

Linaonyesha jambo jingine pia. Gunawan alikulia Indonesia, nchi ambayo mchezaji huanza kuzunguka na mwenzake akiwa mtoto, na kila mwenzi aliyepewa alikuwa amelelewa au amepitia shule ya mchezo iliyo kamili. Mwenye maji mengi anaweza kubadilisha mitungi. Hendra Setiawan wa nchi hiyohiyo alishinda Olimpiki ya 2008 na ubingwa wa dunia wa 2007 akiwa na Markis Kido, kisha mataji matatu mengine ya dunia, 2013, 2015 na 2019, akiwa na Mohammad Ahsan. Lakini angalia miaka hiyo: kutoka taji la kwanza na Ahsan hadi la tatu ni miaka sita. Hata kwa waliojaliwa, jozi ni kazi ya miaka.

Afrika ina ushahidi wake, nao unaelekea upande huohuo. Hadia Hosny wa Misri alicheza mmoja mmoja Beijing 2008 na London 2012. Aliporudi Olimpiki, Tokyo, michezo ya 2020 iliyochezwa 2021, alikuwa amepita miaka 30 na alicheza wawili wawili na Doha Hany, aliye mdogo wake kwa umri. Wakati huo alikuwa pia msomi wa chuo kikuu na mbunge. Nchi yao ilipata mchezaji aliyeweza kuongeza miaka yake uwanjani kwa kugawana mzigo, na binti aliyepata mwalimu ubavuni mwake. Nigeria nayo ilipeleka Tokyo jozi ya wanaume, Godwin Olofua na Anuoluwapo Juwon Opeyori. Paris 2024 Algeria iliwakilishwa katika mchanganyiko na Koceila Mammeri na Tanina Mammeri, kaka na dada. Wazazi ndio waliowaunganisha, si chama, na hakuna kidato cha nne wala uhamisho wa kazi unaoweza kuuvunja udugu. Nadhani hatuhitaji kungoja kila familia izae jozi. Tunahitaji kuuliza ni nini ndugu hao walipewa bure ambacho wengine lazima wapewe kwa mpango.

Jirani zetu Uganda wamejibu sehemu ya swali hilo. Kwa muda mrefu badminton ya Uganda ilikuwa Edwin Ekiring, aliyecheza mmoja mmoja Olimpiki ya Beijing 2008. Mtu mmoja aliibeba bendera, na alistahili kila sifa aliyopewa. Lakini kilichokuja miaka 16 baadaye ni kikubwa zaidi: mwaka 2024 timu ya wanawake ya Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika wa timu mjini Cairo na kufuzu kucheza Uber Cup, kombe la dunia la timu za wanawake, huko Chengdu, China. Uber Cup ni mechi tano kwa kila pambano: tatu za mmoja mmoja, mbili za wawili wawili. Huwezi kufika huko na nyota mmoja. Wachezaji kama Husina Kobugabe na Gladys Mbabazi walikuwa wamecheza pamoja mashindano mengi ya bara kabla ya siku hiyo. Chengdu walipangwa na Japan, Indonesia na Hong Kong, wakashindwa mapambano yote. Sioni aibu hapo. Indonesia ilifika fainali ya kombe hilo.

Kenya nayo iliwahi kuwa na jozi ya wanawake ya kutajwa, Mercy Joseph na Lavina Martins, walioivalia nchi jezi katika mashindano ya bara katika miaka ya 2010. Nawataja kwa heshima, na kwa uchungu kidogo, maana mwanafunzi wa Rongai anayeshika raketi leo hajui majina yao. Anamjua Satwik wa India kwa sababu ya simu.

Sasa turudi kwenye ardhi ya Kajiado, kwa sababu ardhi yenyewe ina la kusema. Rongai na Kitengela ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kinyoya chenye uzito wa kama gramu tano, kilichotengenezwa kwa manyoya 16 ya bata bukini, hupenya hewa hiyo kwa urahisi na kwenda mbali. Ndiyo sababu vinyoya huuzwa na namba za mwendo, 75 ikiwa polepole na 79 ikiwa kasi, na kila namba ikibadilisha umbali kwa takriban sentimita 30. Huku juu hutumika cha namba ndogo. Mwanariadha wa mbio ndefu anapanda Iten makusudi ili apate faida ya hewa hii. Mchezaji wa wawili wawili haimfai hivyo. Mkono wake unajifunza saa ya hapa, kisha anashuka Accra au Port Louis, kinyoya kinakawia, naye ameshafika kabla yake. Jozi nzima inapoteza mpangilio: wa mbele anaruka mapema, wa nyuma anapiga wavuni. Dawa ni kuwapa wiki moja Mombasa kabla ya kusafiri, na kununua vinyoya vya namba zaidi ya moja. Ni jambo dogo linalohitaji mtu anayelijua.

Tatizo kubwa zaidi ni upepo. Kaunti hii ina upepo wa kuzungusha mitambo ya umeme vilimani Ngong, na ule mradi wa Kipeto wa megawati 100 ulioanza kutoa umeme mwaka 2021. Kinyoya cha gramu tano hakichezeki humo. Shule nyingi hufunga wavu kati ya nguzo mbili uwanjani, watoto hucheza kwa vinyoya vya plastiki, na pigo zuri hupeperushwa hadi kwenye maua ya mwalimu mkuu. Wale wenye ukumbi ni wachache, na ukumbi huohuo ni wa mkutano wa wazazi, wa mitihani na wa ibada. Huko Nairobi, Parklands na Westlands, klabu za Wakenya wenye asili ya Asia zimetunza mchezo huu chini ya paa kwa vizazi, na bila wao sijui kama tungekuwa na chama cha kukizungumzia. Lakini kutoka Kitengela hadi Parklands jioni, kwa matatu mbili na msongamano wa Mombasa Road, ni safari inayomaliza mazoezi kabla hayajaanza.

BWF ilizindua mwaka 2019, huko Guangzhou, mchezo wa nje uitwao AirBadminton, wenye kinyoya kilichobuniwa kustahimili upepo mwepesi na unaochezwa pia na watatu kwa watatu kwenye nyasi au mchanga. Ni mzuri kwa shule ya msingi, kwa sababu unamzoesha mtoto kumtazama mwenzake. Upepo wa alasiri wa Kajiado utauzidi nguvu mara nyingi, hivyo sitaki mtu autumie kama kisingizio cha kutojenga ukumbi. Asubuhi, kabla ya upepo kuamka, ungefaa sana.

Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wameanza shule ya upili ya juu chini ya mtaala mpya, na mojawapo ya njia tatu wanazoweza kuchagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hapo ndipo shule kama Laiser Hill, yenye mazoea ya kulea timu, inaweza kufanya jambo ambalo chama cha taifa hakijaweza: kuwaandikisha watoto wawili kama jozi, si kama wachezaji wawili, na kuwapa miaka mitatu ya pamoja yenye ratiba moja. Mmoja akiwa mgonjwa, mwingine afanye mazoezi ya kuanzisha na ya miguu, asipewe mwenzi wa kuazima kila wiki. Wakimaliza, wadhamini wa vyuo waombwe kuwachukua wote wawili au kutowachukua. Najua chuo kitalalamika kwamba alama zao hazilingani. Vyuo vikuu vinavyotoa ufadhili wa michezo vinajua kuchukua mlinda lango na beki waliozoeana. Viombwe kujua na hili.

Na kaunti? Kaunti ya Kajiado haihitaji kujenga uwanja wa kimataifa ili kumsaidia mchezaji wa wawili wawili. Inahitaji ukumbi mmoja wenye dari iliyo juu, usio na madirisha ya kupitisha upepo, wenye taa za pembeni badala ya zile za juu zinazomulika machoni mtu akitazama kinyoya. Inahitaji katoni za vinyoya vya manyoya, kwa kuwa tubu ya 12 huisha kwa zoezi moja la watu waliokomaa, na mtoto aliyelelewa kwa plastiki atashangaa siku ya kwanza ya mashindano makubwa kuona kinyoya halisi kinavyoshuka ghafla mwishoni.

Na inahitaji kugharamia basi. Kampala huandaa mashindano ya kimataifa ya Uganda yenye pointi za dunia, na wachezaji kutoka India humiminika huko kwa ndege kuzitafuta pointi hizo. Jozi ya Rongai inaweza kupanda basi la usiku Nairobi, kupitia Busia au Malaba, na kufika siku ya pili, bila viza. Mwaka wa kwanza watatolewa raundi ya kwanza. Mwaka wa pili huenda wakashinda mechi moja na majina yao mawili yakaonekana pamoja, kwenye mstari mmoja, katika orodha ya dunia. Bajeti ya kaunti iwalipie mwaka wa tatu na wa nne pia, wawili haohao.